Maji ya Kwanza

Buti tupu la gari ndilo lililomwambia Naziha kwamba mwanawe hakuja kusalimia. Siku zote Ridha akija kutoka Tunis, buti la gari lake lilijaa: sukari, mafuta, pakiti mbili tatu za kahawa alizozipata kwa kujuana. Jumapili ile ya mwezi wa nane alilifungua mbele ya mlango, ndani mkawa na blanketi kuukuu na kamba, akaliacha wazi. Mtu anayekuja na kamba amekuja kubeba.

Naziha alikuwa ameketi uani, sinia la mbao mapajani, anasokota unga wa ngano kuwa chembe za kuskusi. Hakuinuka.

"Umekuja kumhamisha nani?"

"Mama, hata salamu?"

"Salamu aleikum. Umekuja kumhamisha nani?"

Ridha akambusu kichwani, akavuta kiti cha plastiki, akakaa. Alikuwa mtu wa miaka thelathini na minane, karani katika ofisi ya bima, na tangu utoto akitaka kusema jambo zito husugua goti. Sasa alikuwa analisugua.

"Sonia amekutayarishia chumba."

"Kipi? Kile cha mashine ya kufulia?"

"Mashine tumeitoa. Tumeiweka kwenye roshani."

"Basi mashine imepata pa kupunga upepo. Hongera yake."

Ridha akacheka kidogo, kisha akaacha. "Mama, sikiliza. Maziwa hakuna. Mkate wa foleni. Bomba likitoa maji saa mbili kwa siku ni bahati. Pensheni ya baba inaishia kwenye dawa zako na bili ya umeme. Nikikutumia pesa unazirudisha. Nitalalaje mimi?"

"Kwa ubavu, kama watu wengine."

"Uko peke yako hapa."

"Siko peke yangu. Nina birika." Naziha akaelekeza kidevu katikati ya ua, palipokuwa na mdomo wa mawe uliofunikwa kwa bati, na ndoo yenye kamba kando yake. Chini ya mawe yale mlikuwa na birika alilolichimba mumewe, marehemu Mokhtari, mwaka waliooana. Maji ya mvua yalitoka juu ya paa bapa lililopakwa chokaa, yakateremka kwa mfereji, yakaingia humo kupitia tundu moja. Kwa miaka arobaini, nyumbani kwake, Naziha hakuwahi kunywa maji ya mtu mwingine.

"Birika halipigi simu daktari usiku," Ridha akasema.

"Wala haliulizi ninakwenda wapi. Mwaka juzi nilikaa kwenu wiki tatu. Nikitaka kufungua dirisha, niulize. Nikitaka kahawa, niulize. Nikitaka kubadilisha stesheni ya redio, niulize. Ulimi ukaniota sugu. Na mkeo ni mwema, simsemi, angekuwa mbaya ningejua la kufanya. Hapa nikitaka kula mkate na zeituni nimesimama, kichwa wazi, saa ninayotaka, ni mimi na Mola wangu."

"Na chakula kikiisha?"

"Nitafanya kazi. Wanawake wananiletea unga wao niwasokotee, wananilipa. Nimeagiza kuku kumi na wawili. Mtegemea cha nduguye hufa maskini, na mtegemea cha mkwewe hufa kabla ya hapo."

"Mama!"

"Tuwekeane neno." Naziha akakung'uta viganja. "Siku nitakayokuomba dinari moja, moja tu, njoo na hiyo kamba yako. Nitapanda gari mwenyewe. Mpaka siku hiyo usinitajie chumba."

Mlangoni palikuwa na mtu. Shedlia, jirani wa ukuta kwa ukuta, alikuwa amesimama na dumu lake la lita kumi, na kwa jinsi alivyolishika ilionekana hakufika sasa hivi.

"Shedlia shahidi," Naziha akasema.

"Mimi nimefuata maji, sikufuata mahakama," Shedlia akajibu. "Lakini nimesikia."

Ridha akaondoka jioni ile na buti tupu kama alivyokuja nalo.

*

Alifanya kazi kweli. Unga wa kuskusi ulikuwa adimu, na aliyeupata hakutaka kuuharibu kwa mikono isiyojua, kwa hiyo wanawake wa mtaani walimletea Naziha. Mchana kutwa alinyunyiza maji, akasokota, akachekecha, akatia mvuke, akaanika juu ya shuka nyeupe. Mabega yalimuuma, na usiku alijipaka mafuta ya zeituni akalala.

Kuku walifika wakiwa wamefungwa miguu ndani ya kapu. Uani hapakuwa na nafasi kwa sababu ya shuka za kuskusi, basi akawapandisha paani, akawajengea kibanda cha mbao na wavu pembeni, karibu na ukuta wa Shedlia.

"Naziha we," Shedlia akaita kutoka upande wake, "kuku juu ya maji ya kunywa?"

"Wamo ndani ya wavu. Nafagia kila asubuhi."

"Marehemu mama mkweo angekuona angefufuka akakuchapa."

"Mayai unayala au huyali?"

"Nayala."

"Basi tumwache marehemu apumzike."

Shedlia akacheka mpaka akakohoa. Nyumba yake pia ilikuwa na birika zamani. Mumewe alilifukia miaka ishirini iliyopita, siku ambazo bomba lilikuwa bomba, akajenga gereji juu yake. Gari halikuja. Mume akafa. Gereji ilibaki, na ndani yake mjukuu Rahma wa miaka minne aliendesha baiskeli yenye magurudumu matatu. Mama wa Rahma alishona suruali kiwandani Monastir na kurudi Jumapili, si kila Jumapili. Kwa hiyo kila asubuhi Shedlia alikuja na dumu, na Rahma nyuma yake na kibuyu cha plastiki, naye ahesabiwe kwamba ameteka.

Kila mwisho wa kiangazi, kabla ya mvua, paa hufagiwa na kupakwa chokaa upya. Hilo halina mjadala. Mwanamke asiyepaka chokaa husemwa. Lakini mwaka ule mfuko wa chokaa ulipanda bei mara mbili, na chakula cha kuku nacho kilipanda, na pesa mkononi ilikuwa ya kimoja. Naziha akasimama dukani akivitazama vyote viwili. Kuku wanakula kila siku, chokaa haiombi chakula. Akanunua chakula cha kuku.

"Chokaa ya mwaka jana bado nzima," alimwambia mwenye duka, ambaye hakuwa ameuliza.

*

Mvua ilikuwa haijanyesha tangu mwezi wa tatu, na miaka mitatu mfululizo ilikuwa imenyesha kwa kusitasita, kama mdaiwa. Kamba ya ndoo Naziha aliifunga fundo kila wiki kupima maji. Mwezi wa kumi ulipofika, maji ya birika yalikuwa chini ya goti la mtu mzima, na ndoo ilipofika chini ilikwaruza.

Ikaja Ijumaa moja baada ya alasiri. Wingu lilitoka upande wa bahari, jeusi, likakaa juu ya mji. Naziha alikwishaziba tundu la birika kwa tambara tangu mwezi wa tisa, kama inavyopasa. Mama mkwe wake ndiye aliyemfundisha, akiwa bi harusi mwenye hina mikononi: mvua ya kwanza ni ya kuosha, si ya kunywa. Unaziba, unaiacha ipite barabarani na vumbi na kinyesi cha ndege na maradhi yote ya kiangazi. Ya pili ndiyo yako.

Matone ya kwanza yalianguka mazito kama sarafu. Naziha akapanda ngazi na ufagio, akafagia huku ananyeshewa, kanzu imemganda mwilini. Maji yakatoka kwenye bomba la ukutani kwenda barabarani, kahawia, kisha ya rangi ya chai. Watoto walitoka wakaruka ndani yake. Shedlia alikuwa gerejini mwake anapiga kigelegele peke yake.

Dakika ishirini. Maji yakaanza kuwa meupe. Naziha akainua macho, akaona upande wa bahari wingu limepasuka, ukingo wake una mwanga.

Mwaka uliopita mvua ya kwanza ilikuwa pia ya mwisho. Aliyaacha maji yapite kama alivyofundishwa, akangoja ya pili, na ya pili haikuja mpaka mwezi wa pili, nayo ilikuwa mate tu. Aliyakumbuka sasa yale maji ya mwaka jana, yote, yakishuka mtaroni. Akateremka. Akakinga kiganja kwenye mfereji, akatazama: maji safi, unaona mistari ya kiganja. Akayanusa. Hayakuwa na harufu. Akatazama tena barabarani, yalikokuwa yakikimbia kwenda kwa watu wasioyahitaji, kwenda baharini ambako maji yamejaa.

"Nimefagia," akasema kwa sauti, ingawa hapakuwa na mtu.

Akapiga magoti, akachomoa tambara.

Sauti ya maji yakianguka ndani ya birika alikuwa hajaisikia kwa muda mrefu, kiasi kwamba mwanzo iliogofya. Kisha akakaa kwenye ngazi, akalia kwa furaha, na mvua ikaendelea dakika arobaini nyingine. Laiti ingekatika. Juu paani, pale pembeni, maji yaliyoongezeka yaliingia chini ya kibanda cha kuku, yakanyanyua majani na kila kilichokuwa chini ya majani, yakayavuta polepole kwenye mfereji.

*

Kesho yake maji ya birika yangemfika mtu kiunoni. Habari haifichiki mtaani; asubuhi walikuja wanne na madumu. Kumnyima mtu maji ya birika ni aibu kuliko kumnyima mkate, na Naziha hakuwahi kunyima. Lakini safari hii alitoa kwa raha ya pekee, akivuta ndoo mwenyewe, mikono imekunjwa mpaka viwiko.

"Tangu lini umekuwa kampuni ya maji?" mmoja akamtania.

"Tangu kampuni ilipoacha kuwa. Leta dumu, usinichoshe."

Shedlia alikuja wa mwisho, Rahma nyuma yake. Akatazama ndani ya birika, maji meusi yanang'aa. "Mashallah. Ya kwanza uliiacha ipite?"

"Nilifagia," Naziha akasema.

Alijibu swali jingine. Alijua, na akajua kwamba Shedlia hakugundua, kwa sababu miaka thelathini hawakuwahi kudanganyana jambo lolote isipokuwa umri.

"Nitie klorini kidogo?" Shedlia akauliza. "Ninayo."

"Ya nini? Uniharibie ladha ya mvua?"

Rahma akainua kibuyu chake. Naziha akakijaza mpaka juu, mtoto akanywa palepale, akashusha pumzi kama mtu mzima aliyetoka kazini, wakamcheka.

*

Siku ya tisa Rahma alishikwa na homa na kuhara. Siku ya kumi kuhara kukawa na damu. Shedlia alimbeba kwa teksi mpaka hospitali mjini Sfaksi, na jioni habari ikafika mtaani kwamba mtoto amelazwa na figo zimeanza kuchoka. Nyumba mbili nyingine zilikuwa na wagonjwa wa tumbo. Naziha naye tumbo lilimsokota wiki nzima, akazisingizia zeituni mpya.

Wakaja watu wa afya: dereva, na msichana wa miaka ishirini na kitu mwenye sanduku la chupa ndogo. Majirani walijaa uani bila kualikwa. Msichana alichota maji, akaandika, akapanda paani, akashuka. Alikuwa mpole. Naziha angependa awe mkali.

"Mama, mvua ya kwanza mliielekeza wapi?"

"Nilifagia," Naziha akasema.

Msichana akangoja, kalamu juu ya karatasi.

"Nilifagia dakika ishirini."

"Ndiyo, mama. Na tundu?"

Kuku mmoja alilia juu. Watu wote uani waliielewa vizuri karatasi ile hata kabla haijaandikwa. Waliijua kanuni kama walivyojua Fatiha.

"Nilizibua," akasema.

Hakuna aliyemtukana. Mwanamke mmoja alimvuta mwanawe begani, kama vile birika lingemrukia. Kisha wakaanza kutoka, mmoja mmoja, kila mtu na kisingizio chake cha haraka. Siku nne baadaye majibu yalirudi, na karatasi yenye muhuri ikabandikwa kwenye bati la birika: maji haya hayanyweki.

Kesho yake asubuhi alikuja Bi Latifa, mke wa mwalimu, na mfuko wa kilo tano za kuskusi alizosokotewa wiki ile.

"Usinielewe vibaya, Naziha."

"Nielewe vipi?"

"Ni mume wangu. Anasema... ulinyunyizia maji gani?"

"Imetiwa mvuke mara mbili, Latifa. Hakuna kidudu kinachotoka hai kwenye mvuke mara mbili."

"Najua. Mimi najua. Ila yeye anasema moyo haukubali." Akauweka mfuko kizingitini, taratibu, kama anamlaza mtoto. "Unga wangu usijali. Sikudai."

Hilo la "sikudai" ndilo lililomchoma. Kufika Alhamisi kizingitini palikuwa na mifuko sita.

*

Shedlia alirudi kutoka hospitali kubadilisha nguo. Naziha alimwona kutoka upande wake wa ukuta, akazunguka, akaingia bila kubisha kama ilivyo desturi yao, kisha akasimama sebuleni kama mgeni.

"Mtoto?"

"Yupo." Shedlia alikuwa anakunja shuka. Mkono wake wa kulia ulikuwa mtupu. Bangili mbili za dhahabu alizoolewa nazo hazikuwapo, na mahali zilipokaa miaka arobaini pamebaki na mistari myeupe. "Kuna dawa haipo pale. Inanunuliwa nje. Ya siku tano nimenunua. Zimebaki tano nyingine."

"Shedlia, nina jambo."

"Nimeambiwa. Unadhani mtaa huu una mlango?"

"Nataka ulisikie kwangu."

"Nilikuuliza," Shedlia akasema. Sauti yake ilikuwa ya chini sana. "Nilikuuliza kwa mdomo wangu, Naziha. Ya kwanza uliiacha ipite?"

"Uliniuliza."

"Ukasema ulifagia."

"Nilifagia."

"Ungeniambia, ningechemsha. Ningetia klorini. Maji ningechukua vilevile, ningekucheka, ningechemsha."

Naziha alikuwa amekuja na maneno mengi, yote yakiwa na neno ukame ndani yake, na hakuna hata moja lililotaka kutoka.

"Nenda nyumbani kwako," Shedlia akasema, akageukia shuka.

*

Aliuza kuku wote kumi na wawili kwa mchinjaji, aliyemlipa bei ya huruma, nayo huwa ndogo. Akauza kibanda na wavu. Haikufika hata nusu ya dawa ya siku tano. Akatazama nyumba: friji mlango umefungwa kwa mpira, televisheni ya mgongo mnene. Jumamosi saa nne asubuhi alikaa kwenye kiti cha plastiki, akampigia simu Ridha.

"Nataka dinari mia nne."

Upande wa pili zilisikika sauti za watoto, na Sonia akiuliza nani.

"Mama, za nini?"

"Za dawa ya Rahma wa Shedlia."

Akamweleza, kwa ufupi, bila kujitetea. Ridha alisikiliza. Alikuwa mtoto mwema; hilo nalo lilimwumiza.

"Nitazituma leo. Na hizi si zako, Mama. Ni za mtoto. Hizi hazihesabiki."

"Nimeomba, au sikuomba?"

"Lile neno lilikuwa la hasira tu. La utani."

"Siku ile halikuwa utani, leo limekuwa utani? Maji ya kunywa nanunua kwa chupa. Unga wa watu umerudi mlangoni. Lori la maji kusafisha na kujaza birika ni dinari mia mbili, na mwezi ujao nitakupigia tena, na mwezi utakaofuata hutaniuliza tena za nini, utakohoa tu. Sitaki kukusikia ukikohoa. Njoo na kamba."

"Mama—"

"Ridha. Nilimdanganya mtu mmoja mwezi huu. Wa pili asiwe wewe. Nipe wiki mbili."

Wiki zile mbili alizifanyia kazi kuliko kiangazi chote. Alimlipa kijana mwenye pampu kwa kumpa televisheni, maji yakatolewa. Akashuka ndani ya birika kwa ngazi, na taa ya kichwani ya Mokhtari, akasugua kuta kwa brashi na chokaa mpaka ngozi ya vidole ikachubuka. Akanunua mifuko miwili ya chokaa, akapaka paa lote, tabaka mbili, na tabaka ya tatu pale kilipokuwa kibanda. Majirani walimwona juu kule, mweupe kuanzia nyusi mpaka magoti. Hakuna aliyetania. Jioni ya mwisho akaziba tundu kwa tambara jipya.

Pesa za dawa alizipeleka siku ile ile zilipofika. Shedlia alizipokea mlangoni.

"Sikukuomba."

"Najua."

"Unajua zimekugharimu nini?" Shedlia, ambaye alikuwa shahidi, alikuwa anaulizia jambo analolijua.

"Mpe mtoto dawa," Naziha akasema.

*

Rahma alirudi siku moja kabla ya safari, shingo imekuwa kama bua, amekalishwa kwenye baiskeli yake gerejini bila nguvu ya kukanyaga. Figo zilikuwa zimeamka. Madaktari walisema atapimwa kila mwezi kwa mwaka mmoja.

Safari hii buti lilijaa. Sufuria, masanduku mawili, sinia la mbao, godoro likafungwa juu kwa kamba. Ridha alifanya kazi kimya, akiogopa kumtazama mama yake usoni. Naziha akafunga mlango, akavuka hatua saba mpaka kwa Shedlia.

"Chukua ufunguo."

"Wa nini?"

"Birika ni safi. Maji ya kwanza yakija yaache yapite, ya pili ingiza, tia klorini yako. Ni lako mpaka nirudi."

"Sijasema nimekusamehe."

"Sijaomba. Nimesema chukua ufunguo."

Shedlia akautazama. Mkono wenye mistari myeupe ukatoka, ukauchukua.

Gari lilipowashwa, Naziha aliangalia mbele. Lakini kwenye kioo cha pembeni alimwona Shedlia akitoka na chupa. Msafiri humwagiwa maji nyuma yake ili arudi. Kila nyumba hufanya hivyo, kwa bilauri, kwa kikombe, kwa chochote. Shedlia alifungua kifuniko cha chupa ya lita moja na nusu, maji ya dukani, ambayo wiki ile watu waliuziwa mbili mbili kwa foleni. Akaimwaga yote barabarani, mpaka tone la mwisho, kisha akarudi ndani bila kupunga mkono.

*

Chumba kilikuwa kizuri. Sonia alikuwa ametandika shuka mpya na kuweka ua kwenye glasi. "Mama, usiinuke, nitaleta." "Mama, acha, nitaosha." "Mama, ukitaka kitu sema tu." Na ndiyo hivyo, alitakiwa aseme. Aliulizia kiberiti. Aliulizia dirisha. Ridha kila Ijumaa alimwachia dinari kumi chini ya glasi ya ua, asiseme kitu, naye asiseme kitu, na zote mbili zilikuwa adabu.

Wiki ya tatu, Jumanne, saa tisa mchana, mvua ilinyesha Tunis. Naziha alikuwa anakunja soksi za watoto. Kabla hajajua, alikuwa ameshafika kwenye roshani, ameinama kando ya mashine ya kufulia, mkono unapapasa sakafuni kutafuta tambara. Palikuwa na vigae. Maji ya ghorofa nne yalishuka ndani ya bomba moja la plastiki, yakaingia ardhini kusikojulikana.

Akainuka, akishikilia mashine. Akarudi mlangoni.

"Sonia, naomba nipige simu."

"Mama, piga tu, siyo lazima uniombe."

Simu iliita mara tano. Ilipopokelewa, mvua ilisikika kule pia, na sauti ya mtoto.

"Umeziba?" Naziha akauliza.

"Salamu aleikum kwanza," Shedlia akasema. "Limezibwa vilevile ulivyoliacha. Niko uani kwako hapa. Nimelowa kama panya."

"Yana rangi gani?"

"Meupe. Chokaa yako inatoka. Kama maziwa."

"Ndiyo maziwa ya mwaka huu hayo."

Shedlia hakucheka, lakini alivuta pumzi kwa pua kama alivyokuwa akifanya zamani kabla ya kucheka. Naziha alikingoja kicheko, hakikuja.

"Usizibue," akasema.

"Sizibui."

"Hata ukiona yametakata. Hata ukiona wingu linakatika."

"Limeanza kukatika, Naziha. Nayatazama yanapita tu."

"Yaache yaende."

"Yanakwenda."

Hakuna aliyekata simu. Naziha alisimama kwenye roshani, simu sikioni, akisikiliza maji ya paa lake yakimiminika barabarani, yote, mpaka nyuma yake Sonia akasema kwa upole:

"Mama, funga mlango tafadhali, mvua inaingia ndani."

Naziha akaufunga.